Noeli na Bonane bila frigo: mapishi ya kuandaa mapema Goma na Bukavu

Mwezi wa Desemba unapoanza, akina mama wa Goma na Bukavu huanza kuhesabu. Wanahesabu watoto wanaosubiri nguo za Bonane, wageni watakaopita bila kupiga simu, mifuko ya makala iliyobaki, na pesa iliyo mkononi. Halafu kuna hesabu moja ambayo hakuna anayeijua kwa hakika: umeme utakuwepo saa ngapi.

Ndiyo sababu mapishi mengi ya siku kuu yanayozunguka kwenye simu hayawasaidii sana wakaaji wa miji hii miwili ya Ziwa Kivu. Karibu yote yana maneno yaleyale: weka kwenye frigo hadi kesho. Lakini nyumba nyingi hazina frigo, na nyingi zilizo nayo hazina uhakika wa umeme.

Hata hivyo, kuandaa chakula mapema si kazi ya wenye frigo peke yao. Kiwanda cha kwanza cha umeme wa mto Ruzizi kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo watu wa Kivu walifunga ndoa, walipokea wageni na walikula siku kuu kama kawaida. Walitunza chakula kwa jua, kwa moshi, kwa chumvi na kwa moto. Njia hizo bado zipo, na leo zimeongezewa sukari, siki na mafuta ya kukaangia.

Jambo la kujua ni moja tu: chakula kipi kinaweza kusubiri, na kipi hakiwezi. Mwenye kujua anaokoa pesa, makala na nguvu zake. Asiyejua anaweza kumalizia siku kuu kwenye kituo cha afya na watoto wake mikononi.

Kwa nini kuanza mapema

Sababu ya kwanza ni bei. Wiki ya mwisho kabla ya Noeli, sukari, mafuta, mayai na kuku hupanda bei sokoni, iwe Virunga mjini Goma au Kadutu mjini Bukavu. Anayenunua kilo moja ya sukari mwezi wa Novemba na nyingine mwanzoni mwa Desemba haoni mzigo sawa na anayetoka nyumbani tarehe 23 na orodha nzima. Vikundi vya kuweka akiba vinavyojulikana kwa jina la AVEC navyo hugawana pesa zao mara nyingi mwishoni mwa mwaka. Pesa hiyo ikifika mapema, ni vizuri sehemu yake igeuzwe chakula kinachokaa, kabla haijapotea katika mambo madogo madogo.

Mwaka wa 2025 ulibadili hesabu nyingi za nyumbani. Waasi wa AFC/M23 waliichukua Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifunga milango, na uwanja wa ndege wa Goma ukaacha kupokea ndege za abiria. Pale ambapo mshahara haupiti tena benki, pesa huja kidogo kidogo, kwa simu au kwa mkono, na matumizi nayo yanafuata mwendo huo. Siku kuu inayoandaliwa kwa vipande inaendana na mfuko wa namna hiyo.

Sababu ya pili ni moto wenyewe. Mbabula moja hubeba sufuria moja. Maharagi yanataka masaa, sombe inataka masaa, nyama ya mbuzi nayo inataka muda wake. Isitoshe, Goma na Bukavu ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Kwenye mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100 kama kule pwani. Kwa hiyo chakula cha kuchemsha kinachelewa kuiva. Mama mwenye mbabula mbili hawezi kumaliza vyungu sita asubuhi moja, hata akiamka saa kumi za usiku. Kitakachotokea ni kwamba wengine watakula yeye akiwa bado kwenye moshi.

Sababu ya tatu ni makala. Sehemu kubwa ya makala ya Goma imekuwa ikitoka kwenye misitu ya eneo la Hifadhi ya Virunga, na bei yake hupanda kila barabara inapofungwa au mvua inaponyesha sana. Moto uliokwisha kuwaka kwa ajili ya chakula cha kila siku unaweza kutumika tena, kwa makaa yaliyobaki, kukaanga karanga au kuoka gato. Hiyo ni akiba ambayo haionekani, lakini ipo.

Vinavyokaa wiki mbili au zaidi

Chakula huharibika kwa sababu vijidudu hupata maji ya kutumia ndani yake. Sukari nyingi huyashika maji hayo, na ukavu huyaondoa. Kwa hiyo vitu vitamu vikavu ndivyo vya kwanza kuandaliwa.

Karanga za sukari ndizo rahisi kuliko zote. Nusu kilo ya karanga mbichi, gramu 250 za sukari na nusu glasi ya maji vinawekwa kwenye sufuria kwa pamoja. Moto uwe wa wastani, na mwiko usisimame. Maji yakikauka, sukari inageuka kama mchanga na kushika karanga. Wengi huishia hapo, lakini ukiendelea kukoroga kwa dakika chache juu ya moto mdogo, ile sukari inayeyuka tena na karanga zinang'aa. Zimwagwe kwenye sinia lililopakwa mafuta, zitenganishwe kwa uma kabla hazijashikana, kisha zipoe kabisa. Zikifungwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko, zinakaa wiki mbili hadi tatu.

Angalizo moja ni la lazima. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye rangi isiyo ya kawaida zitupwe kabla ya kupikwa. Ukungu huo unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo huathiri ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Desemba ni mwezi wa mvua katika Kivu, na karanga zilizowekwa mahali pabichi huota ukungu upesi.

Biskwiti za nyumbani nazo zinasubiri vizuri. Nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 200 za sukari, gramu 250 za siagi na yai moja vinatosha kwa watoto wengi. Siagi inasuguliwa na sukari kwanza, yai linafuata, kisha unga. Donge linasukumwa liwe jembamba na kukatwa kwa mdomo wa glasi. Sehemu ya unga inaweza kubadilishwa na karanga zilizosagwa, na biskwiti zinakuwa na ladha zaidi. Zinaokwa kwa dakika 15 hadi 20, mpaka pembeni ziwe na rangi ya dhahabu. Kosa kubwa ni kuzifunga zikiwa bado na joto. Mvuke unabaki ndani, biskwiti zinalainika, na baada ya siku nne ukungu unaonekana.

Konfitiri ni njia nyingine ya kuhifadhi tamu. Kivu ina matunda mengi, na mananasi ya kisiwa cha Idjwi yanajulikana kwenye masoko ya pande zote za ziwa. Kwa kilo moja ya nanasi lililomenywa na kukatwa vipande vidogo, zinatosha gramu 750 za sukari na maji ya malimau mawili. Nanasi lichemke peke yake mpaka lilainike, ndipo sukari na limau viongezwe, na mwiko uendelee kuzunguka. Ili kujua kama imeiva, tone moja linawekwa kwenye sahani baridi: likibaki mahali pake bila kutiririka, kazi imekwisha. Chupa na vifuniko vichemshwe kwa dakika kumi, na konfitiri imwagwe ikiwa bado ya moto sana. Chupa isiyofunguliwa inaweza kusubiri hata baada ya Bonane. Iliyofunguliwa iliwe ndani ya siku chache, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu na safi.

Marakuja inafaa kwa siropu ya juisi. Maji ya marakuja yaliyochujwa, lita moja, yanachemshwa na kilo moja ya sukari kwa dakika tano hadi kumi, kisha yanatiwa yakiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa. Siku ya siku kuu, kiasi kidogo kinachanganywa na maji. Chupa moja inaweza kunywesha wageni wengi, na gharama yake iko chini ya kreti za vinywaji vya kiwandani.

Gato kwenye mbabula, na siri ya mwinuko

Gato ndiyo inayowasumbua wapishi wengi. Mama anafuata kila kipimo alichopata kwenye simu, gato inapanda vizuri sana, halafu inaanguka katikati. Mara nyingi lawama huenda kwa unga au kwa mayai. Lakini yule aliyeandika mapishi hayo huenda anaishi karibu na usawa wa bahari.

Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi zaidi. Gesi inayotoka kwenye poda ya kuumulia gato inapanuka kwa nguvu kuliko kule chini. Gato inavimba kabla haijaiva, na kwa kuwa haina cha kuishikilia, inaanguka. Maji nayo hukauka haraka zaidi. Dawa yake ni rahisi: poda ipunguzwe kwa robo hivi, sukari ipunguzwe kidogo, na maji au maziwa yaongezwe vijiko viwili vitatu. Wapishi wa Kivu waliozoea kazi hii hufanya hivyo kwa macho, bila kuhitaji maelezo.

Kwa siku kuu, gato ya ndizi inafaa kuliko nyingine kwa sababu haikauki upesi. Ndizi tatu zilizoiva sana, zile ambazo ganda lake limekuwa jeusi na bei yake sokoni imeshuka, zinapondwa. Zinaongezwa gramu 150 za sukari, mayai mawili, nusu glasi ya mafuta na chumvi kidogo sana. Mwishoni unga wa ngano gramu 250 na kijiko kidogo kimoja na nusu cha poda ya kuumulia. Mapishi ya kawaida yangesema vijiko viwili. Vikishaingia unga, mwiko usizunguke sana, gato isije ikawa ngumu kama bugali.

Asiye na oveni anatumia sufuria kubwa nzito. Chini unawekwa mchanga mkavu na safi, au mawe matatu madogo, na sufuria inapashwa moto ikiwa imefunikwa kwa dakika kumi. Kopo la gato lililopakwa mafuta na unga linawekwa juu ya mchanga, kifuniko kinarudishwa, na makaa machache yanapangwa juu ya kifuniko ili joto litoke pande mbili. Moto wa chini uwe mdogo. Baada ya dakika 40 hadi 50, kijiti kinachoingizwa katikati kikitoka kikavu, gato imeiva. Anayefunua kila dakika tano anapoteza joto na anaiangusha gato kwa mkono wake mwenyewe.

Gato ya ndizi ikishapoa na kufungwa kwenye kitambaa safi, inakaa siku mbili hadi tatu katika hali ya hewa ya Kivu. Siku ya pili ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu unyevu wa ndizi umeenea. Krimu, ukiitaka, ipakwe saa ya kula tu. Gato yenye krimu ya maziwa au ya mayai haifai kulala nje.

Kazi inaweza kutangulia, chakula kikafuata

Kuna vyakula ambavyo haviwezi kupikwa jana, lakini kazi yake inaweza kufanywa jana. Tofauti hiyo ndiyo inayookoa asubuhi ya Noeli.

Mandazi ni mfano mzuri. Unga kilo moja, sukari gramu 150, chumvi kidogo na maji ya uvuguvugu glasi mbili na nusu hivi vinakandwa jioni. Chachu iwe nusu ya ile ya kawaida, kwa sababu donge litalala usiku kucha, na usiku wa Goma na Bukavu ni wa baridi. Ni vizuri kutumia maji peke yake, bila maziwa wala mayai. Donge lifunikwe vizuri na liwekwe mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba. Asubuhi limeumuka, linakatwa na kukaangwa. Watoto wanakula ya moto kabla ya kwenda kanisani, na mama hakukanda chochote siku hiyo.

Maharagi yalowekwe usiku na maji hayo yamwagwe asubuhi. Hapo yanaiva kwa muda mfupi zaidi, na kwenye mwinuko huu hilo si jambo dogo. Yakishachemka kwa nguvu angalau dakika 20, sufuria inaweza kuondolewa kwenye moto ikiwa imefunikwa, ikafungwa kwenye mablanketi ndani ya kikapu. Joto lililomo linaendelea kupika, na mbabula inabaki huru kwa chakula kingine. Baadaye yanarudi motoni kwa muda mfupi yamalizike na kuungwa. Hatua ya kuchemka kwa nguvu isirukwe: maharagi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli tu.

Sombe ichambuliwe na kuoshwa jioni, vitunguu na pilipili vikatwe, karanga zisagwe. Alfajiri ndiyo ya kwanza kupanda motoni. Nyama nayo ni bora inunuliwe siku ileile. Mashambani watu wanajua kwamba kuku aliye hai na mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba ndiyo frigo isiyohitaji umeme. Majirani wengi wa avenue moja huchanga pesa, wananunua mnyama mmoja na kugawana nyama asubuhi. Kila nyumba inapata kiasi cha kumaliza siku hiyohiyo, na hakuna kinachobaki kuoza.

Chumvi na uchachu

Meza ya siku kuu inahitaji pia vitu vya pembeni, na hivyo vinasubiri bila shida. Pilipili iliyosagwa na vitunguu, kitunguu saumu, chumvi vijiko viwili na glasi moja ya siki, ile inayoitwa vinegre madukani, inachemshwa dakika 15 na kutiwa kwenye chupa safi. Inakaa wiki nyingi. Jambo la kuepuka ni kutumbukiza kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta na kukiacha siku nyingi bila siki. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo bakteria wa botulizimu wanaweza kuota na kutoa sumu inayoua.

Shu na karoti zilizokatwa nyembamba zinaweza kumwagiwa mchanganyiko unaochemka wa maji na siki kwa kiasi sawa, chumvi na sukari kidogo. Baada ya siku moja ziko tayari. Zinaweza kuchukua nafasi ya saladi ya viazi na mayonezi, ambayo hupendwa kwenye karamu lakini ni hatari ikikaa juani.

Ziwa nalo linasaidia. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakikaushwa vizuri wanakaa wiki kadhaa. Siku ya siku kuu wanakaangwa dakika chache na kuwekwa mezani na limau na pilipili. Fromage ya Masisi, ile ya mviringo, inakaa bila frigo ikiwa nzima na mahali pa baridi. Ikishakatwa, ifungwe kwa kitambaa safi, kwa sababu ndani ya plastiki inatoa jasho na kuota ukungu.

Visivyosubiri hata kidogo

Shirika la Afya Duniani, OMS, lina kanuni tano za chakula salama. Mojawapo inasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili. Kinacholiwa baadaye kibaki cha moto sana, juu ya nyuzi 60, au kiwekwe kwenye baridi ya frigo. Nyumba isiyo na frigo inabaki na njia moja: pika karibu na saa ya kula, na kifunike kikiwa cha moto.

Wali unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu wengi huuona kama chakula kisicho na madhara. Ndani ya mchele mna bakteria ambao mbegu zake hazifi wakati wa kupika. Wali ukikaa usiku kucha kwenye sufuria, mbegu hizo zinaamka na zinaweza kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Wali wa jana uliolala nje usipewe mtoto. Ni bora kupika sufuria mbili ndogo, moja ya mchana na moja ya jioni, kuliko kubwa moja ya siku nzima.

Katika orodha hiyohiyo wamo mayonezi ya mayai mabichi, krimu, maziwa yaliyochemshwa yakaachwa wazi, kuku wa mchuzi na nyama iliyochomwa ikabaki kwenye sahani ya wageni. Mtu akitaka saladi ya viazi, avichemshe viazi asubuhi na kuviunga kwa mafuta, limau, kitunguu na chumvi saa ya kula.

Maji ndiyo mengine ya kuchungwa. Kipindupindu ni ugonjwa ambao Kivu inaufahamu kwa uchungu. Mwaka wa 1994 uliua maelfu ya watu waliokimbilia Goma, na haujaacha kurudi. Juisi nzuri kabisa ya marakuja inaharibiwa na jagi moja la maji ya ziwa yasiyochemshwa. Maji ya kuchanganyia juisi yachemshwe siku moja kabla, yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko, na yachotwe kwa kikombe chenye mkono. Siku ambayo watoto wa nyumba tano wanakula kutoka sinia moja, ndoo ya maji na sabuni mlangoni ina kazi kubwa kuliko chakula chochote kilicho mezani.

Kazi moja kwa siku kuu mbili

Noeli na Bonane zinatenganishwa na wiki moja tu. Mwenye kupanga vizuri anafanya kazi kubwa mara moja. Wiki ya kwanza ya Desemba ni ya kununua sukari, unga, karanga na chupa tupu. Wiki ya pili ni ya konfitiri, siropu na pilipili. Kati ya tarehe 18 na 21, karanga za sukari na biskwiti. Tarehe 23, gato ya ndizi na shu ya siki. Tarehe 24 jioni, maharagi yanaingia majini, unga wa mandazi unakandwa, sombe inachambuliwa na maji ya kunywa yanachemshwa. Tarehe 25 inabaki sombe, maharagi, wali na nyama.

Kwa Bonane, gato mpya inaokwa tarehe 30, na kazi ya jioni inarudiwa tarehe 31. Biskwiti, karanga, konfitiri na siropu bado zipo, ikiwa watoto hawakuzigundua. Wengi huzigundua. Ndiyo maana chupa moja hufichwa chini ya kitanda.

Mpango huu hauhitaji pesa nyingi kuliko siku kuu ya kawaida. Unahitaji kuanza mapema, na unahitaji pia mikono mingine. Kutwanga sombe, kumenya nanasi, kukoroga karanga na kulinda moto wa gato ni kazi ambazo vijana wa kiume na baba wa nyumba wanaweza kufanya sawa na mtu mwingine. Bila mikono hiyo, kuandaa mapema kutakuwa ni kumwongezea mama wiki tatu za kazi juu ya siku moja aliyokuwa nayo.

Faida nyingine inaonekana mlangoni. Siku kuu za Kivu hazina orodha ya wageni: jirani anapita, watoto wa avenue wanapita, na katika miaka hii familia nyingi zinaishi na ndugu waliokimbia vijiji vyao. Wali uliopimwa kwa watu wanane hauongezeki wakija kumi na tano. Lakini chupa ya karanga, sinia la biskwiti na jagi la juisi vinaweza kugawanywa na kila anayeingia, bila mtu kukimbilia dukani kuomba deni. Na mama, aliyemaliza kazi yake jana na juzi, anaweza kuketi na wageni wake na kula chakula kikiwa bado cha moto.